Kabla Hujamtukana Carradine

Wasee, wiki hii nimekuwa na muvi moja ya zamani, Kung Fu: The Movie. Hii haikutengenezewa kumbi za sinema. Ni muvi ya runinga, CBS waliionyesha Marekani tarehe 1 Februari 1986, na ilikuwa inafufua kile kipindi cha Kung Fu kilichopeperushwa na ABC kuanzia 1972 hadi 1975. Nilikuwa naiandalia simulizi ya Kiswahili, na kabla sijafungua mdomo huwa napenda kujua walioiona wanasema nini. Mazee, nilichokuta huko ni vita.

Watazamaji wamegawanyika mara tatu. Kundi la kwanza ni la watu waliokulia kwa kile kipindi. Hao hawataki kusikia kitu. Wanampenda Caine anavyotembea polepole na kofia yake, wanampenda mzee Po, yule mwalimu kipofu, na ukisema muvi ni mbaya utadhani umetukana boma lao. Kundi la pili linasema muvi imepoa kama chai ya jana. Wanataka mateke, wanapata mazungumzo. Kundi la tatu halina haja hata na muvi yenyewe. Linamtaka David Carradine, Mzungu aliyepewa kuigiza mtu wa damu nusu Kichina, na hapo matusi huwa hayaishi.

Wacha nianze na hao wa chai ya jana, kwa sababu hoja yao ndiyo rahisi. Ni kweli, ukiilinganisha na vitu vilivyokuwa vinatoka Hong Kong, hii muvi inaonekana imelala. Desemba 1985, wiki chache tu kabla yake, Jackie Chan alikuwa ametoa Police Story, watu wanarushwa kwa vioo na mabasi yanakimbizwa. Sasa umtoe mtu huko umwekee Carradine mwenye miaka 49, jamaa ambaye hata alipoanza kipindi 1972 hakuwa mpiganaji. Walimletea washauri wa kung fu wamfundishe, na mapigano mengi yakapunguzwa kasi kwa kamera. Halafu muvi ya runinga hukatwa vipande vya kutoshea matangazo, na pesa zake si za sinema. Kuilaumu kwamba si Police Story ni kama kuitisha chapo madondo kibandani halafu unauliza mbona hakuna pilau.

Lakini kundi la tatu haliwezi kujibiwa kwa mfano wa chapo.

Story inayozunguka ni kwamba Bruce Lee alibuni kipindi cha Kung Fu, Wazungu wakamwibia wazo, wakampa Carradine. Hapa twende polepole. Linda, mjane wa Bruce, ameandika kwamba wazo lilikuwa la mumewe. Matthew Polly, aliyeandika kitabu cha maisha ya Bruce kilichotoka 2018, anasema skripti ya Ed Spielman na Howard Friedlander ilikuwepo tayari, na kwamba wazo la Bruce, aliloliita The Warrior, lilikuwa kitu tofauti. Kwa hivyo mambo ya wizi bado watu wanabishania. Mimi siwezi kukuapia upande wowote.

Kisichobishaniwa ni kwamba Bruce Lee alifikiriwa kwa ile nafasi na hakupewa. Na hakuwa mgeni wa runinga. Watu walikuwa wamemwona kama Kato kwenye The Green Hornet, 1966 na 1967. Mwaka wa 1971 alihojiwa Hong Kong na Pierre Berton, na akaeleza mwenyewe kwamba watu wa studio waliona kumweka Mchina awe stelingi ni hatari ya kibiashara. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuwatukana. Alisema hawalaumu, kwamba hata yeye angekuwa mwenye pesa pengine angekuwa na wasiwasi kama watazamaji watamkubali.

Soma hapo tena. Wasiwasi kama watazamaji watamkubali. Sasa uliza swali moja tu: ni mtazamaji gani aliulizwa? Ukweli ni kwamba watazamaji walipopewa nafasi ya kuamua, waliamua. The Big Boss ilitoka 1971 na Hong Kong ikapagawa. Enter the Dragon ikatoka 1973, na hiyo Wamarekani wenyewe walishiriki kuitengeneza, kampuni ileile iliyotengeneza Kung Fu, na watu wakajaa. Bruce hakuiona ikitoka. Alifariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32. Yaani maoni ya watazamaji yalitumiwa kumfungia mlango, na watazamaji wenyewe walikuwa nje hawajui wametajwa.

Hii kitu naielewa kwa mwili wangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Nikaanza kusimulia muvi kwa Kiswahili, kwa sababu hapa Kenya tumelelewa na sauti ya DJ Afro, na nilijua hiyo kazi ni kazi. Mwaka jana kampuni fulani, sitaitaja, ilinipigia. Walikuwa wanataka mfululizo wa video za vijana. Niliandika skripti zote sita, nikarekodi sampuli, wakacheka mpaka wakaomba nirudie. Halafu nikaambiwa mbele ya kamera atakaa mtu mwingine, mwenye digrii, kwa sababu "watazamaji wetu wanataka mtu aliyesoma." Pesa ya skripti nililipwa, siwezi kudanganya. Hata nikaombwa nimfundishe huyo jamaa mahali pa kupumua na mahali pa kuchekesha. Nikamfundisha. Alikuwa mpole, na alifanya kazi poa.

Usinielewe vibaya, sijilinganishi na Bruce Lee. Mimi ninaweza kurudi darasani siku nikipata karo. Yeye hangeweza kurudi mahali akabadilishiwa uso. Kufungiwa kwa sababu ya rangi ni kitu kizito kuliko kufungiwa kwa sababu ya karatasi. Lakini ile sentensi ni ileile. "Sisi hatuna shida na wewe, ni watazamaji." Na mimi nawajua watazamaji, niko nao kila siku. Tangu nianze, wameniuliza muvi inaitwaje, wameniuliza sehemu ya pili inatoka lini, wengine wameniuliza kama nimekula. Hakuna hata mmoja ameniuliza kuhusu digrii.

Ndio maana sioni faida ya kummalizia Carradine hasira zote. Huyo ni kama yule jamaa niliyemfundisha. Alipewa kazi, akaifanya, na wengi wakampenda kwa haki. Kipindi chenyewe kilifanya watoto wengi waingie madarasa ya kung fu. Aliyeamua hakuwa mbele ya kamera. Ukitukana uso ulioonekana, ule mkono ulioandika jina lake kwenye orodha unabaki umetulia ofisini, na kesho utaandika jina lingine vilevile.

Na sasa ndio tufike kwa kitu ambacho makundi yote matatu yanakipita kama matatu iliyojaa. Kwenye hii muvi ya 1986, Caine anatumiwa kijana wa kumuua. Anaitwa Chung Wang, ametumwa na mzee wa Kimanchu aliyeigizwa na Mako. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu, ruka sentensi inayofuata. Baadaye tunajua kwamba huyo kijana ni mtoto wa Caine mwenyewe.

Aliyeigiza Chung Wang ni Brandon Lee. Mtoto wa Bruce.

Brandon alizaliwa tarehe 1 Februari 1965. Maana yake siku muvi ilipoonyeshwa ndiyo alikuwa anatimiza miaka 21, na hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuigiza kwenye runinga. Kijana anaingia kwa mlango uliofungiwa babake, na anaambiwa amwite baba yule aliyepita pale babake hakupita. Sijui ni skripti gani ya Nollywood ingeweza kubuni hiyo. Mwaka uliofuata akajaribiwa tena kwenye Kung Fu: The Next Generation, lakini haikuendelea kuwa kipindi. Tarehe 31 Machi 1993 alifariki akiwa na miaka 28, kwa ajali ya bunduki wakiwa wanatengeneza The Crow.

Ukijua hayo, ile muvi iliyopoa inabadilika. Kila Brandon anapomtazama Carradine, unaona zaidi ya kilichoandikwa. Mapigano bado ni ya kawaida, sitaongeza chumvi. Lakini uso wa huyo kijana hauko kawaida hata kidogo.

Kwa hivyo kwenye simulizi yangu nimeweka dakika nne za mwanzo kuhusu Bruce na Brandon kabla sijamtaja Caine. Rafiki yangu mmoja wa kuhariri akaniambia nizitoe, eti watazamaji watachoka na historia. Nikamuuliza, "Wamekuambia?" Akanyamaza. Zimebaki.

Na kwa sababu nimesema sana kuhusu watu wasioulizwa, wacha niulize. Ukitazama muvi na unajua nafasi ya stelingi ingekuwa ya mtu mwingine, unaweza bado kuifurahia? Mimi nimejibu yangu. Nipe yako, na usiniletee matusi ya Carradine, hayo nimeshayasoma yote.