Karaoke ya Kamalondo: Kutafuta Wimbo Unaoenea Sauti Yako



Juma hili tunawapeleka Lubumbashi, katika komini ya Kamalondo, mtaa ambao muziki wake haujui usingizi. Wengi wetu tunaufahamu mji ule kwa sababu ya soko, ya hospitali, au ya watoto wanaosoma kwenye chuo kikuu. Tunafika asubuhi, tunahangaika, tunarudi na bisi ya jioni. Safari hii tulikwenda kwa ndoa ya mtoto wa mwenzetu, tukalala siku mbili, na siku ya posho mangaribi tukapata nafasi ya kujionea jambo ambalo vijana wetu wanatusimulia kila mara: karaoke.

Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 120. Barabara ina lami, lakini malori ya madini ni mengi, na dereva mwenye haraka ni wa kuogopwa. Utajua umefika ukiona lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba, na kilima cheusi cha takataka za madini kando yake. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba hiyo, ukaitwa Elisabethville hadi mwaka 1966. Ukienda wakati joto linapoanza kupanda, kabla ya mvua, utakuta miti ya jakaranda imefunika avenyu kwa maua ya zambarau.

Kamalondo ni mtaa wa zamani. Ndiko uliko uwanja wa TP Mazembe, na siku ya mechi hakuna anayepita kwa urahisi. Siku nyingine mtaa ni wa michopo, wa vinywaji na wa nyimbo. Jua likishuka, viti vya plastiki vinatolewa nje, makala yanawashwa, nyama ya mbuzi inaanza kunukia, na bafle zinapangwa ukutani.

Tulidhani karaoke ni televisheni tu yenye maneno ya wimbo. Kwetu Kongo iko hivyo pahali pengi, lakini iko pia ya namna nyingine: orkestra ndogo inapiga, na mteja ndiye mwimbaji. Pale tulipoketi walikuwa vijana wanne: mmoja wa gitaa, mmoja wa besi, mmoja wa piano ya umeme, mmoja wa ngoma. Unawaambia jina la wimbo, wanakupa mikro. Watu wa meza nyingine hawakujui, lakini wanakupigia makofi. Ukiwafurahisha, mtu anasimama na kuweka matabishi mbele ya wanamuziki.

Katika kikundi chetu kuna mama anayeuza samaki ya tomson sokoni. Zamani aliimba katika korali. Alipangwa kwenye sauti ya juu kabisa kwa sababu wasichana walikuwa wachache upande ule, na kwa miaka mingi alilazimisha koo lake kila siku ya yenga. Baada ya kuzaa mara tano, na miaka ikisonga, sauti yake ilishuka na kuwa nzito. Nota za juu zikaanza kukatika katikati ya wimbo. Watu wakacheka. Akaacha korali, kisha akaacha kuimba hata nyumbani. Alituambia kwamba mama yake mzazi alipofariki, wanawake waliimba usiku kucha kwenye matanga, naye akakaa kimya, kwa haya ya sauti yake mwenyewe. Kilio cha mama yako, na huwezi kukiimbia. Hilo si jambo dogo.

Jioni ile tulimsukuma hadi akasimama. Alitaja wimbo wa Mbilia Bel. Kijana wa piano hakuanza kupiga. Alimwambia: “Mama, imba kidogo kwanza, nikusikie.” Akaimba mstari mmoja, polepole, akitazama chini. Kijana akatafuta nota kwa vidole, akashuka, akashuka tena, kisha akamwambia mwenzake wa gitaa wabadilishe toni. Mama akanong'ona: “Mwanangu, mimi sifiki pale juu.” Kijana akamjibu: “Hakuna kupanda, mama. Wimbo ndio utashuka.”

Na wimbo ulishuka. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya joto, imetulia kama maji ya mtungi. Sisi tunaouza naye soko moja hatukuwahi kuisikia. Aliumaliza wimbo bila koo kukatika hata mara moja, akarudi kwenye kiti chake, akanywa Fanta yake yote kwa mara moja.

Jambo alilolifanya kijana yule ndilo lililozaa karaoke yenyewe. Neno hili ni la Kijapani: “kara” maana yake tupu, na “oke” ni kifupi cha orkestra. Yaani orkestra isiyokuwa na mwimbaji. Katika mji wa Kobe, Japani, kulikuwa na mwanamuziki anayeitwa Daisuke Inoue. Kazi yake ilikuwa kupiga muziki kwenye mabaa huku wateja wakiimba, naye aliwafuata kwa upole, kila mmoja kwa nguvu yake. Siku moja mteja wake, mwenye kampuni, alimwomba amsindikize safarini ili aimbe mbele ya watu. Inoue hakuweza kusafiri. Basi akampigia nyimbo zile kwenye kanda, kwa toni na mwendo alioujua kuwa ni wa mteja yule. Kutoka hapo, mwaka 1971, akatengeneza mashine ya kukodisha kwenye mabaa, iliyofanya kazi kwa kutia sarafu. Mjapani mwingine, Shigeichi Negishi wa Tokyo, alikuwa ametengeneza mashine ya namna hiyo mwaka 1967. Inoue hakuiandikisha mashine yake kwa serikali, kwa hiyo utajiri mkubwa ulikwenda kwa wengine. Lakini wazo lake limezunguka dunia mpaka Kamalondo: mwimbaji hakatwi ili aingie ndani ya wimbo, wimbo ndio unaokatwa kwa kipimo chake, kama fundi anavyokata libaya.

Sasa, wamama, kipimo hicho tunakipataje? Haihitaji mwalimu wala piano. Fanyeni hivi nyumbani, asubuhi baada ya kunywa maji, si mara tu baada ya kuamka.

Kwanza, hesabu kwa sauti yako ya kawaida kutoka moja hadi tano, kama unayehesabu mafungu ya sombe. Kwenye “tano”, vuta sauti, usiiache. Nota hiyo ndiyo nyumba yako. Sauti yako inaishi karibu na hapo.

Pili, kutoka hapo shuka kwa kuguna midomo ikiwa imefungwa, hatua kwa hatua. Pale sauti inapogeuka kuwa pumzi tu au kukwaruza, rudi juu hatua mbili. Huo ndio mpaka wako wa chini.

Tatu, rudi nyumbani kwako, kisha panda vilevile. Tazama shingo yako katika kioo. Kidevu kikianza kuinuka, mabega yakipanda, mishipa ya shingo ikitoka, umepita mpaka. Rudi chini hatua mbili. Huo ndio mpaka wako wa juu.

Katikati ya mipaka hiyo ndimo mlimo na raha. Mtu asiyejifunza kuimba mara nyingi hupata oktavu moja, au moja na nusu, ya kuimba bila shida. Msihuzunike mkiona ni ndogo. Nyimbo nyingi tunazozipenda zinaingia humo vizuri, ila zinataka kuanzia pahali pake.

Jambo la kukumbuka: usiupime wimbo kwa mwanzo wake. Nyimbo nyingi zinaanza chini, zinakuvuta kwa utamu, kisha kiitikio kinapanda ghafla na kukuacha barabarani. Basi jaribu kiitikio kwanza. Kikikaa vizuri kooni, mistari mingine itakaa. Kama kinakubana, omba orkestra ishushe toni. Kwenye mashine na kwenye programu nyingi za karaoke za telefone kuna alama ya kujumlisha na ya kutoa kwa ajili ya kazi hiyo. Shusha mara mbili au tatu, ujaribu tena. Nyimbo za wanaume nazo zina shida yake: zikiimbwa kwa toni yao, mama anajikuta yuko chini mno au juu mno. Usiseme huwezi, omba toni ibadilishwe.

Na nyimbo gani za kuweka katika mfuko? Tuliongea sana juu ya hilo njiani wakati wa kurudi. Mama mwenye wimbo mmoja tu ni kama mpishi mwenye mboga moja: wageni watakula leo, kesho watachoka. Nyimbo tano zinatosha kwa kuanza.

Wa kwanza uwe wimbo wa karibu na maongezi, wa kupasha koo moto. “Mario” wa Franco, wa mwaka 1985, una sehemu kubwa inayokwenda kama mtu anayesimulia. Ni mrefu, chagua kipande.

Wa pili uwe wa polepole na unaojulikana na wote, kama “Malaika”. Miriam Makeba aliupeleka duniani kote, na Angélique Kidjo naye aliuimba. Ukisahau neno, meza nzima itakusaidia.

Wa tatu uwe wa mwanamke wa kwetu. M'Pongo Love aliimba “Ndaya” kwa sauti laini isiyopiga kelele, na wimbo huo unafundisha kwamba upole nao una nguvu. Tshala Muana, aliyezaliwa hapahapa Lubumbashi na kutuaga mwaka 2022, alituachia nyimbo za mutuashi zinazotaka kiuno na pumzi. Sauti kama ya Cindy Le Coeur inayopaa juu sana, tuifurahie tukisikiliza. Kuifuata si lazima.

Wa nne uwe wa kuimba pamoja, wenye kuitikia. Hapo mwenye haya anaanza kwa kuitikia, na siku nyingine ataongoza.

Wa tano uwe wa wazee. “Indépendance Cha Cha” ya mwaka 1960 itamwinua babu yeyote kwenye kiti. Hapa Katanga tuna pia nyimbo za Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, alizoziimba kwa Kiswahili chetu na gitaa moja tu. Watoto wetu wengi hawazijui. Tukizijifunza sisi, zitabaki nyumbani.

Mkiisha kuzishika tano hizo, ongezeni mmoja kwa mwezi. Andika maneno kwa mkono katika kaye. Mkono husaidia kichwa kukumbuka. Na kando ya kila wimbo andika toni yako, au umeushusha mara ngapi, ili usianze kutafuta upya mbele za watu.

Tuseme pia juu ya koo lenyewe. Sisi tunaoita wateja sokoni, na walimu wanaofundisha darasa la watoto wengi, tunaitumia sauti kama jembe. Moshi wa makala unaikausha. Pombe nayo inaikausha, hata kama inampa mtu uhodari. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima. Siku sauti imekwaruza, usiimbe, na usinong'one sana, nyamaza tu. Na kama sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, nenda ukaonane na munganga. Asali na tangawizi ni vizuri, lakini havimchunguzi mtu koo.

Najua swali ambalo mama mmoja ameliuliza tayari: mwanamke mwenye ndoa anaenda baa kufanya nini? Swali ni la haki, tulijibu. Sisi tulikwenda kikundi kizima, mapema, tukakaa meza moja. Watu wa nyumbani walijua tuko wapi. Taksi ya kurudi tuliiagiza kabla ya giza. Kila mmoja alilipa kinywaji chake mwenyewe, na hakuna aliyepokea chupa kutoka meza ya watu wasiojulikana. Tukumbuke pia kwamba mama zetu walitutangulia: miaka ya 1950 kule Léopoldville, vikundi vya wanawake vilivyoitwa moziki viliweka feza pamoja, vilisaidiana wakati wa msiba, na vilifuatana na orkestra za wakati ule. Akiba, msiba na muziki vilikaa katika kikapu kimoja.

Asiyetaka baa hana sababu ya kukosa. Bafle moja, telefone moja, na ua la nyumba ya mmoja wetu vinatosha. Umeme ukikatika, tutapiga makofi. Makofi hayana toni, kila sauti inaenea humo.

Kwa hiyo tumekubaliana: siku ya posho inayokuja, baada ya kukusanya likelemba, tutabaki saa moja kwa kuimba. Kila mama alete wimbo mmoja, akiwa amejaribu kiitikio chake nyumbani. Mwenzetu wa tomson amekubali kuwasikiliza wale wenye mashaka na kuwatafutia pa kuanzia. Na akasema jambo moja tuliandike hapa: kwenye matanga yatakayokuja, yeye ataimba upande wa sauti nzito, na anatafuta wenzake wawili.