Sare Si Mamlaka

Wanafunzi wangu huniuliza: askari wa Zimamoto akiona basi linakwenda kasi kupita kiasi, kwa nini asilisimamishe? Swali ni la haki, kwani ndiye atakayewachomoa majeruhi katika mabaki yake.

Hata hivyo jibu langu ni hapana. Hapa Tanzania, Polisi na Zimamoto wako chini ya wizara moja, ya Mambo ya Ndani, ila sheria zao ni mbili. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humpa polisi uwezo wa kusimamisha gari. Ile ya Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inahusu moto na uokoaji. Mamlaka ya kumzuia raia njiani hayatoki kwenye king'ora. Tukimgawia kila mwenye sare, mwananchi atamtambuaje askari na mnyang'anyi usiku?

Tena, gari la uokoaji likimfukuza mkosaji, kuna anayeungua akilisubiri. Mwokoaji na ashike namba ya basi, apige 112, aendelee na safari. Simu hiyo isipoitikiwa, ndugu zangu, hapo ndipo penye dai letu.