Niliharibu Sauti ya Binti wa Watu

Mimi ni mwalimu wa kwaya Muleba. Kuna binti aliyejiunga na kwaya yetu akiwa na sauti ya kwanza ambayo sijasikia mfano wake tena, nami nikaiharibu. Majirani walisema amerogwa, wengine wakasema ni baridi ya ziwani. Nikawaacha waseme, hali nilijua ni mimi.

Alikuwa amemwona mwimbaji wa opera Pretty Yende kwenye simu, akaja kuniambia, "Mwalimu, nami nataka kuimba hivi." Hapo ndipo iliponipasa kusema sijui. Solfa naijua, nipe wimbo mpya wa mtunzi Bernard Mukasa, jioni moja nitaugawa sauti zote nne. Lakini opera ni mchezo unaoimbwa bila mikrofoni, juu ya okestra nzima, na sijawahi kufundishwa koo linavyofanya kazi. Niliona aibu kukiri mbele ya mtoto. Nikamwambia, "Hilo tutalimaliza hapa hapa."

Yende mwenyewe aliisikia opera mara ya kwanza katika tangazo la shirika la ndege kwenye televisheni, akiwa na miaka 16, huko Afrika Kusini. Akasoma Cape Town, akaendelea kwenye jumba la opera la La Scala, Milan; mwaka 2011 akashinda shindano la Operalia, na Januari 2013 ndipo akaimba katika jumba la opera la Metropolitan, New York. Zaidi ya miaka kumi ya kulelewa sauti. Mimi nilianzia kwenye noti za juu.

Nilikuwa namsimamisha mbele ya wenzake: "Paza! Wa nyuma hawasikii!" Kidevu kinapanda, mabega yanapanda, mishipa ya shingo inasimama kama kamba, nami nasifu juhudi. Kumbe pumzi hubebwa na mbavu na tumbo, koo likaachwa huru. Soprano akifika C ya juu, nyuzi zake za sauti hugongana zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde moja. Zikikazwa na kulazimishwa siku hadi siku, huota vinundu.

Na sikuishia kwenye mazoezi. Jumamosi nilimpeleka kwenye harusi Bukoba mjini, Jumapili misa zote mbili. Bahasha nilipokea mimi. Yeye nilimpa nauli. Sauti ilipoanza kukauka nikampa tangawizi na mayai mabichi. Mama yake aliniuliza kwa heshima, "Mwalimu, mtoto asipumzike kidogo?" Nikamjibu kwamba sauti hukomaa kwa kuimba. Jibu hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Daktari wa Mwanza aliviona vinundu. Binti aliamriwa kunyamaza, kisha akaanza mazoezi ya kurudisha sauti. Kuzungumza anazungumza vizuri. Noti za juu hazikurudi. Sasa anaimba sauti ya pili, na opera haitaji tena.

Nimekwenda kwao kuomba radhi, wamenipokea. Fedha za harusi nazirudisha kidogo kidogo. Walimu wenzangu, kuanzia Kamachumu hadi Bukoba: hapa Kagera wapo waliosoma muziki Ruhija, waulizeni kabla ya kumpandisha mtoto noti asiyoiweza. Na mzazi, mwanao akikauka sauti zaidi ya wiki tatu, usimsikilize mwalimu wa kwaya. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo.