Kutoka Makmende hadi Kati Kati

Wasee, wengi wetu tunamjua Makmende kuliko tunavyowajua waliomtengeneza. Mwaka wa 2010 kundi la Just A Band lilitoa video ya wimbo wao "Ha-He". Jamaa ana afro, nguo za miaka ya 70, anachapa majambazi bila hata kutoa jasho. Video ikasambaa, Wakenya wakaanza kumtungia Makmende sifa mtandaoni, kila mtu na yake. Ilikuwa raha tupu.

Miaka 6 baadaye, mmoja wa wanabendi hao, Mbithi Masya, akatoa filamu yake ndefu ya kwanza, Kati Kati. Ukienda kuitazama ukitarajia kicheko cha Makmende, utashtuka. Msichana anayeitwa Kaleche anaamka porini, amevaa gauni la hospitali, hakumbuki chochote. Anatembea hadi anafika kwa loji moja, na hapo Thoma anamwambia ukweli: umekufa. Wote walioko hapo wamekufa. Wanakula, wanakunywa, wanapiga sherehe, lakini hawawezi kuondoka.

Filamu hii ilishinda tuzo ya wakosoaji wa kimataifa huko Toronto mwaka wa 2016, na mwaka uliofuata Kenya ikaichagua ituwakilishe kwa Oscar. Hata hivyo, kila nikimwambia mtu aitazame, naulizwa swali moja: "Sasa mbona aliacha vibe akaingilia mambo ya vifo?"

Mimi naona ujuzi ni ule ule. Ukitengeneza video ya muziki unajifunza kusema mengi na picha moja, maana dakika 4 hazikupi nafasi ya kueleza. Kati Kati haina hata dakika 80. Lile gauni la hospitali peke yake linakuambia kuna kitu kibaya kabla hujasikia neno. Kilichobadilika ni anachokuonyesha. Makmende anakuja kukuokoa. Kule Kati Kati hakuna anayekuja. Ili uondoke, lazima ukumbuke ulichokifanya ama ulichofanyiwa, halafu ukitazame usoni. Na kati ya wale wafu yuko mtu wa kanisa ambaye mzigo wake unatoka kwa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007.

Hapo ndipo hii filamu ilinishika. Sisi ni watu wa kuambiwa "kubali, songa mbele". Tulikua tukisikia hayo maneno kila baada ya uchaguzi. Mjomba wangu alitoka Bonde la Ufa mwanzoni mwa 2008 na begi moja. Sikukuu zote tunakula naye, anatuchekesha kuliko mtu yeyote mezani, na hakuna hata mmoja wetu amewahi kumuuliza aliacha nini huko. Tunaiita heshima. Enyewe nadhani tunaogopa tu jibu.

Kwa hivyo Masya aliligeuza lile neno letu. Kwa filamu yake, wanaokataa kukumbuka ndio wamekwama. Sherehe inaendelea, muziki upo, na bado hakuna anayesonga popote.

Sisi tunaotengeneza video fupi tunaijua hiyo sherehe. Weka densi, watu wanajaa. Weka kitu kizito, unaambiwa "bro, umeanza kuboesha". Sina shida na kucheka, hata mimi nakula kwa kuchekesha. Lakini vijana waliuawa kwa maandamano ya Juni 2024, watu wa rika letu, na kuna nyumba hapa Nairobi ambazo kitanda bado kimetandikwa kikingoja mtu. Hizo hadithi tukiziacha kwa sababu zinaharibu mood, nani atazisimulia? Makmende?

Kwa hivyo ukiona dairekta uliyempenda kwa video za kuruka ameanza kutengeneza filamu za giza, usikimbilie kusema amepotea. Pengine kuna mtu wa kwao ambaye miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza kitu.

Krisi hii nataka kuitazama Kati Kati tena, nikiwa na mjomba. Sijui kama atasema kitu, lakini safari hii nitamuuliza.

Na kwenu je, ni nani ambaye hajawahi kuulizwa?