Mashine ya Mjomba Ilipoomba Kupumzika

Likizo ya mwaka wa pili nilirudi Singida na begi la nguo na madaftari mawili ya umeme. Mjomba, anayetusomesha watatu kwa karakana ya nyuma ya nyumba pale Mandewa, alikuwa ameshatangaza mtaani kwamba "injinia amekuja". Mwenzenu nilikuwa na sup moja mfukoni.

Karakana yenyewe ni banda la mabati, meza ya chuma, grenda, na mashine ya kuchomelea iliyosukwa na fundi wa mtaani. Haina feni, wala kitu cha kuikata ikizidi joto. Mjomba alikuwa amepata oda ya mageti na madirisha ya nyumba nzima, na kila baada ya vijiti vitano sita koili zilianza kunuka vanishi. Zikiungua, kuzisuka upya ni ada ya mdogo wangu.

"Injinia, tufanyaje?"

Mtaa ulikuwa na jibu tayari: zamisha mashine kwenye pipa la mafuta ya transfoma. Kitaalamu hawajakosea. Mafuta hayo hayapitishi umeme. Yakipata moto yanapanda, ya baridi yanashuka, joto linatokea kwenye kuta za pipa. Transfoma za kwenye nguzo zinapoa hivyo hivyo. Jamaa mmoja akaleta dumu la lita 20 kwa bei ya kutupa. Nikamuuliza yametoka wapi. Akacheka: "Mwanafunzi, wewe pima lita."

Nikapima. Nakiri.

Usiku sikulala. Transfoma ikinyonywa mafuta, nayo inaungua kama mashine ya mjomba, ila yenyewe inaondoka na mtaa mzima: mashine za kusaga, friji ya chanjo ya zahanati. Tena baadhi ya transfoma za zamani zina mafuta yenye PCB, kemikali za saratani zilizowekewa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Mjomba angeyashika kwa mikono mitupu kila siku.

Asubuhi nikamwambia turudishe dumu. Akanitazama sana. "Mjomba, njaa haijasoma chuo." Nikaomba siku tatu. Muuzaji alipokea dumu, hela akarudisha nusu.

Siku ya kwanza nilifunga feni kuukuu ya rejeta ya gari, nikaiwasha kwa pawasaplai ya kompyuta iliyokufa, volti 12. Nikaiweka jirani na grenda! Jioni koili zilikuwa zimejaa chenga za chuma. Ingepiga shoti tungelia. Tukazima, tukasafisha, tukahamishia mashine mlangoni, upande unakotokea upepo. Singida kama kuna kitu tunapewa bure ni upepo.

Siku ya pili tulishusha mkondo. Joto la waya linakua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ukitoka ampea 140 hadi 100 linabaki karibu nusu. Tukaacha vijiti vya milimita 3.2, tukatumia vya 2.5, ambavyo kwa nondo za dirisha vinatosha kabisa.

Siku ya tatu tukaleta saa ya ukutani: dakika nne kuchomelea, sita kupumzisha. Kwenye hizo sita tunakata na kupiga grenda kipande kinachofuata. Harufu ya vanishi ikaisha.

Lakini oda ilichelewa wiki moja, mteja akakata hela, na mjomba alininunia mpaka siku ya basi. Yule muuzaji sikumripoti. Tunaishi naye mtaa mmoja, tunasalimiana. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko sup.

Juzi mjomba kanipigia. Hakutaja mafuta. Aliuliza tu betri ya saa ya ukutani ni saizi gani, maana imesimama.