Kidole cha Kipofu

Mwaka jana, katika mjadala wa chama chetu, nilisimama kifua mbele nikadai kwamba hakuna taaluma isiyoelezeka kwa Kiswahili. Nilipigiwa makofi. Usiku huo mwenzangu wa chumba, mwanafunzi wa fizikia, aliniwekea mezani makala aliyokuwa akiisoma. “Haya, Mwalimu, nieleze hii.” Ilihusu chembe ndogo mno zinazosukumwa kwa ncha ya hadubini. Nilisoma aya moja, nikanyamaza.

Nakiri kuwa nilikuwa tayari kukilaumu Kiswahili kwa uhaba wa istilahi. Badala yake nilimwomba anifafanulie. Hadubini hiyo, iliyobuniwa mwaka 1986 na Binnig, Quate na Gerber, haioni kwa nuru. Ina mkono mwembamba wenye ncha kali, nayo ncha hupapasa uso wa kitu mithili ya kidole cha kipofu. Ncha hiyo hiyo huweza kuisukuma chembe, na jinsi mkono unavyopindika ndivyo msuguano unavyopimwa.

“Na msuguano una ajabu gani?” nikauliza.

Ajabu ipo. Tangu Amontons aandike mwaka 1699, imefundishwa kwamba tofali likiburutwa kwa ubapa au kwa ubavu, msuguano ni ule ule, kwani nyuso zenye mikwaruzo hugusana katika vinundu vichache tu. Katika vipimo vya nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita, mambo hubadilika. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani na Marekani walieleza walivyosukuma chembe za antimoni juu ya grafiti. Baadhi zilisuguana kwa kadiri ya eneo la mguso. Nyingine ziliteleza karibu bila kizuizi. Yamkini siri ni usafi: nyuso zikiwa safi, atomu za upande mmoja hazioani na za upande wa pili, hivyo hazinasani, takataka chache zikipenya kati, hushika huku na huku.

Kulipokaribia kucha nilimrudishia maelezo hayo yote, naye akatikisa kichwa kuafiki. Kupapasa, kusukuma, kuteleza, kunasa: maneno hayo nimekuwa nayo tangu utotoni. Kilichopungua usiku ule hakikuwa lugha, bali maarifa ya msemaji.

Ndugu msomaji, tunakitetea Kiswahili majukwaani ilhali maabara zi hatua chache kutoka madarasa yetu, nasi hatubishi hodi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.