Karakana ya Wote Mjini Kigali

Mjini Kigali, makao makuu ya Rwanda, iko karakana iitwayo FabLab, iliyofunguliwa mwaka 2016 ili vijana wajifunze kuunda vitu wenyewe. Miongoni mwa vyombo vyake imo mashine ya kukatia kwa mwali wa leza. Kompyuta huuongoza mwali, nao hukata ubao mwembamba kwa mstari mfano wa uzi.

Mashine hiyo, popote ilipo, ina miiko. Plastiki ya PVC haikatwi kamwe: ikiungua hutoa gesi ya sumu, idhuruyo mapafu na kuitia mashine kutu. Wala haiachwi ikikata bila mtu, maana ubao huweza kushika moto. Chombo cha wote kikiharibiwa na mmoja, hukosa wote. Asiyejua na aulize kabla ya kuwasha.